Kingo za Mirongo zikijengwa kisasa, mchanga na maji ya Mabatini yatapita wapi?

#1 Mwana_Mirongo

Mwangaluka wadau.

Zile picha za kompyuta za ukingo wa kisasa zimeanza tena kuzunguka: mto Mirongo wetu wa Mwanza una kuta safi, miti pande zote, taa, watoto na baiskeli, maji ya bluu kama ya sabuni. Sina ugomvi na taa. Ninachosema ni kwamba ukijenga kuta na bustani kabla ya kushughulika na mchanga unaoshuka milimani, umejenga sanduku refu la kuhifadhia mchanga. Masika mbili tu, sakafu ya mto inakuwa imepanda na maji yanarudi kwenye njia yake ya zamani, yaani sebuleni kwa watu wa mtaa wa Mabatini.

Wanaojua waje na vipimo. Mafuriko ya pale yanatokana na nini hasa: mchanga, takataka, madaraja madogo, au ziwa? Maana kingo zitajengwa kufuata jibu hilo.

#2 sato_wa_kukaanga

Nimeweka kambi. Anayepita alete kashata.

#3 Mhandisi_Mitaro

Mkuu, mimi naanza na madaraja, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapopatikana bila kubishana.

Chukua kipande cha mlima cha hekta 100. Mvua kali ya saa moja, milimita 60. Kwenye mlima wenye nyumba zilizobanana, mabati na mawe matupu, karibu asilimia 70 ya maji hayo yanateremka. Kanuni ni mgawo wa mtiririko (hapa 0.7) mara ukali wa mvua mara hekta, gawa kwa 360. Unapata kama kyubiki (mita za ujazo) 11.7 kwa sekunde. Mlima huohuo ukiwa na nyasi na vichaka, mgawo unashuka hadi 0.3, unapata kyubiki 5. Mvua ni ileile, mlima ni uleule, maji yamezidi maradufu kwa sababu ya paa na sakafu za saruji.

Sasa boksi kalavati moja, lile tundu la zege la kupitisha maji chini ya barabara, la mita 2 kwa mita 2, maji yakienda mita 2.5 kwa sekunde, linapitisha kyubiki 10 likiwa limejaa kabisa. Yaani hekta 100 tu zimeshalishinda. Na Mirongo haukusanyi hekta 100, unakusanya zaidi ya hapo.

#4 Saanane_Upande

Mnasahau ziwa. Mwaka 2020 Victoria lilipanda hadi likafunika mialo, na 2024 likapanda tena. Mto hauwezi kumwaga maji ndani ya ziwa lililojaa. Yanarudi nyuma, ndiyo maana katikati ya mji kunafurika. Ukingo wowote utakaojengwa bila kuangalia kina cha ziwa ni kazi bure.

#5 Mzee_Kijiko

Namba 4, kijana wangu, hapo sikubaliani nawe. Mabatini iko juu, kilometa kadhaa kutoka mdomoni, pale mto unapoingia ziwani. Piga hesabu ya darasa la saba: chukulia mto una mteremko wa nusu mita kwa kila mita 100. Ziwa likipanda mita 1 linarudi nyuma mita 200. Basi. Hapo hujatoka hata mjini. Ziwa halipandi mlima kwenda Mabatini.

Pale ni mchanga. Nenda kiangazi usimame juu ya daraja uangalie chini. Kalavati lililojengwa na kimo cha mita 2 limebaki na mita 1.2. Kwa hesabu ya mhandisi hapo juu, boksi lililokuwa linapitisha kyubiki 10 sasa linapitisha 6. Umepoteza karibu nusu ya daraja bila mtu kuiba nondo hata moja.

#6 Mhandisi_Mitaro

Mzee shikamoo. Hesabu yako ni sahihi kwa mteremko uliouchagua, lakini karibu na mdomo mto umelala zaidi ya hapo. Ukiwa na mteremko wa sentimita 10 kwa mita 100, mita 1 ya ziwa inarudi kilometa 1.

Halafu kuna jambo la pili ambalo linampa Saanane_Upande nusu ya haki. Maji ya mto yakikutana na ziwa lililosimama, mwendo unakufa, na mchanga unadondoka hapohapo. Sakafu ya mdomoni ikipanda, mteremko wa juu yake unapungua, nako mchanga unaanza kukaa. Mwaka baada ya mwaka huo mkia wa mchanga unapanda mto. Kwa hiyo ziwa halifiki Mabatini, lakini mchanga uliosababishwa na ziwa unaweza kusogea kuelekea huko.

#7 Mzee_Kijiko

Marahaba. Polepole hivyo, nakubali. Lakini mchanga wa juu unafika Mabatini kwanza kabla huo wa chini haujaanza safari. Kupanda kwa ziwa usikutumie kuficha mlima.

#8 Bibi_Mchicha

Mnabishana mchanga na ziwa, takataka mmeziruka. Hebu angalieni mdomo wa kalavati wenyewe. Mara nyingi bomba la maji limepitishwa kukatiza mbele ya tundu, limening'inizwa nusu ya kimo kwa sababu fundi alitafuta njia fupi. Mvua ya kwanza inaleta tawi la mwembe, linanasa kwenye bomba. Nyuma ya tawi linakuja godoro. Nyuma ya godoro vinafuata viroba vya taka, viatu, chupa, matambara. Ndani ya nusu saa una ukuta. Maji hayangoji, yanapanda barabarani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na kweli imepungua, lakini vifungashio na chupa vipo. Ukitaka bustani ya ukingoni, anza kwa kuhamisha hayo mabomba: aidha yapite juu ya usawa wa daraja, au yazikwe chini ya sakafu ya mto yakiwa ndani ya zege.

#9 Mwana_Mirongo

Bibi hapo umegusa kitu. Bomba moja linageuza kalavati kuwa chujio. Sijawahi kuona likiandikwa kwenye mchoro wowote wa "ukingo wa kisasa".

#10 Tipa_la_Buhongwa

Kuhusu mchanga: kuna watu wanauchota bure na majembe kila siku, wanauza kwa wajenzi. Hao ndio wasafishaji wa mto bila mshahara. Waacheni wafanye kazi, mchanga utaisha wenyewe.

#11 Mhandisi_Mitaro

Hapana mkuu. Tatizo ni wanakochota. Mchanga mzuri, ule msafi wa chembe kubwa, unakaa pale maji yanapopunguza kasi, na mara nyingi ni chini ya daraja au kwenye mguu wa ukuta. Wakichimba hapo mita 1, msingi wa nguzo unabaki nje. Mvua ikija inakula chini ya msingi, ukuta unainama kuelekea mtoni. Mchanga mwembamba wenye udongo, ambao ndio hasa unaziba, hawautaki kwa sababu haufai kwa zege.

Hesabu ya kuondoa: kilometa 1 ya mto wenye upana wa mita 6, mchanga wa nusu mita, ni kyubiki 3,000. Kwa tipa la kyubiki 10 ni safari 300, na hapo sijaongeza uvimbe, maana mchanga ukichimbwa unapanuka. Halafu unakwenda kuumwaga wapi? Kijiko cha kuchimbia kikiuacha ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha mtoni. Imeonekana hivyo kwenye mitaro mingi: rundo liko kando, linasubiri gari ambalo haliji.

#12 Mzee_Kijiko

Na kusafisha kuna majira yake. Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Ukipeleka kijiko Aprili unachota uji.

#13 Gabioni_na_Mawe

Wadau, niingie kwenye kuta zenyewe, maana naona kila mtu anafikiri ni zege tu. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya graniti, na bado tunawaza kuta za zege na nondo kama Dar.

Gabioni ni kreti la waya linalojazwa mawe. La kawaida lina urefu wa mita 2, upana 1, kimo 1. Uzuri wake ni mbili: linapitisha maji yanayotoka ardhini nyuma yake, na msingi ukizama kidogo linajikunja bila kupasuka. Ukuta wa zege hauna huruma hiyo. Maji yakikusanyika nyuma yake na yakakosa matundu, ukuta unasukumwa kutoka mgongoni. Ndiyo maana ukuta wa zege lazima uwe na matundu, bomba la milimita 75 kila baada ya mita 1.5 au 2, na nyuma ya tundu uweke kokoto na kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa, tundu linatoa matope, udongo wa nyuma unaisha, na njia ya watembea kwa miguu inabonyea. Mtu anashangaa kwa nini pevu, yale matofali ya njia, zimezama wakati ukuta umesimama wima.

Kwa gabioni makosa ya kawaida ni haya. Mawe madogo yanajazwa kwa koleo, wakati yanatakiwa kupangwa kwa mkono kama ukuta wa mawe. Waya za kukaza katikati, za kushika uso wa mbele na wa nyuma, zinarukwa, basi kreti linatokeza tumbo. Na kosa kubwa kuliko yote: linakalishwa juu ya mchanga wa mto bila kuchimba hadi kwenye ardhi ngumu, wala kutandika godoro la gabioni, yaani kreti pana na fupi, mbele yake. Mto unakula mguu, ukuta unapiga magoti.

#14 Jabali_la_Igogo

Mkuu ongeza saizi ya mawe. Tundu la wavu wa kawaida ni sentimita 8 kwa 10. Jiwe la sentimita 7 linatoka kama mtoto kwenye dirisha bovu. Tumia la kuanzia sentimita 10 hadi 25. Na liwe jiwe zima, gumu. Lile lililooza, ambalo ukiligonga linatoa unga, halifai.

Ila hapa kuna mtego ambao wapenda gabioni hawausemi. Hayo mawe yatatoka wapi? Kwenye vilima vyetu. Mgonga kokoto akivunja jabali lililokuwa linashikilia udongo, udongo ule unaanza safari ya kwenda Mirongo. Unajenga ukingo kwa mawe ya mlima, halafu mlima unaujaza mto.

#15 Gabioni_na_Mawe

Kweli kabisa. Mawe yatoke machimbo yenye kibali, mbali na bonde la mto huohuo. Na waya wapenda vyuma chakavu wanauiba, hilo nalo liandikwe.

#16 sato_wa_kukaanga

Kreti la mawe watu wakiona wanafikiri ni kreti la soda. Litaondoka usiku.

#17 Mpimaji_Huru

Wote mmejenga kuta, hakuna aliyeuliza kiwanja ni cha nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo imerudia mita 60 zilezile.

Sasa fanya hesabu. Mto upana mita 8, weka 60 kila upande, jumla mita 128. Kwa kilometa 1 ni mita za mraba 128,000. Gawa kwa kiwanja cha mita za mraba 300, toa barabara, bado unaongelea mamia ya viwanja: 426 kama vingebanana bila njia. Hiyo ni kilometa moja tu.

#18 Mthamini_Mtaa

Nyongeza kidogo kwa #17. Mita 60 hazikuanza 2004. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, ilishataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Kifungu hichohicho kinataja pia miteremko mikali. Lakini kuna utaratibu wa kuitangaza kuwa hatarishi, pamoja na kuwapa wahusika nafasi ya kusema. Haijitangazi yenyewe kwa kuwa mto upo.

Na hapa ndipo vita inapoanza. Mwenye nyumba anasema: nilikuwepo kabla ya sheria, au nina hati, au nilirasimishiwa. Mamlaka inasema: uko ndani ya mita 60. Kila upande unashika karatasi yake.

#19 Bibi_Mchicha

Halafu mita 60 zinaanzia wapi? Mirongo wakati wa kiangazi unaruka kwa hatua mbili. Masika una upana wa barabara.

#20 Mpimaji_Huru

Swali zuri mama. Kipimo kinatakiwa kianzie kwenye ukingo, yaani pale maji yanapofika yakiwa juu ndani ya mkondo wake. Kosa ni kuanzia katikati ya maji ya kiangazi. Bodi ya maji ya bonde ikiweka bikoni (nguzo za mpaka), omba uone mstari wa mwanzo ulipowekwa, siyo bikoni ya mwisho tu. Ukingo ukiwa umejazwa kifusi, mstari unaruka mita kadhaa.

Ufukweni ni balaa zaidi. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa chini sana, 2020 likawa juu sana. Tofauti ni karibu mita 3. Kwenye ufukwe unaoinuka mita 1 kwa kila mita 50, mita 3 za wima ni mita 150 za kutembea. Aliyepima 60 mwaka 2006 alikuwa ndani ya maji 2020 na bikoni yake.

#21 Saanane_Upande

Si nilisema ziwa! Mnaanza kunirudia mmoja mmoja.

#22 Mzee_Kijiko

Ufukweni, ndiyo. Mabatini, bado.

#23 Kirumba_Mwaloni

Swali la kizembe: kama ndani ya mita 60 hairuhusiwi kitu cha kudumu, ile migahawa, vibanda vya kahawa na maegesho kwenye picha za kompyuta vitakaa wapi? Mama wa dagaa anaondolewa kwa mita 60, anayeuza juisi ya bei mbaya anawekwa kwa mita zilezile?

#24 Mpimaji_Huru

Si la kizembe hata kidogo. Sheria inampa waziri nafasi ya kuweka mwongozo wa shughuli zinazoweza kufanyika humo, na mradi mkubwa wa aina hii unatakiwa upitie tathmini ya athari kwa mazingira. Njia ya miguu, bustani, viti, hivyo vinateteka. Jengo la ghorofa mbili juu ya nguzo, hapo mtu aje na maelezo. Wakati wa kuuliza ni kwenye mikutano ya wadau ya tathmini hiyo, jina lako na hoja yako viandikwe kwenye ripoti. Ukisubiri kijiko kiwashe injini umechelewa.

#25 Mama_Dagaa

Tuongelee fidia jamani. Ukingo mzuri tutauona, lakini tutauona tukiwa wapi?

#26 Mthamini_Mtaa

Dada, kwa kanuni za fidia za 2001, mafungu ni haya: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida.

Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa miezi 36. Nyumba ya kodi ya 150,000 kwa mwezi inatoa 5,400,000. Usafiri unapigwa kwa tani 12 ndani ya kilometa 20. Usumbufu unatokana na thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana ya muda maalumu ya miezi 12 kwenye benki. Hasara ya faida ni faida halisi ya mwezi mara 36, na hapo unaulizwa mahesabu. Kiwanja kitupu hakina usafiri, makazi wala faida.

Yanayoharibika: watu wanasaini fomu ya uthamini bila kuhesabu vitu. Hesabu milango, madirisha, tenki, choo, uzio, miti. Mwembe unaozaa na mche wa mwembe si kitu kimoja. Piga picha mthamini akiwepo, baki na nakala. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka malipo ndani ya miezi 6 baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha, yakipita hapo riba inaanza kuhesabiwa. Na uthamini wenyewe una maisha ya miaka 2. Kwa hiyo tarehe ya idhini iandike ukutani.

#27 Mama_Dagaa

Ahsante kaka. Na mpangaji? Na anayekausha dagaa kwenye eneo lisilo lake?

#28 Mthamini_Mtaa

Hapo inategemea pesa ya mradi inatoka wapi. Kwa utaratibu wetu wa ndani mpangaji hana fidia ya jengo, na mfanyabiashara asiye na vitabu anapata shida kuthibitisha faida. Mradi wa Benki ya Dunia unafuata masharti yao, ambayo yanawatambua hata wapangaji na wasio na hati, kwa mali zao na kipato, siyo kwa ardhi. Ndiyo maana swali la kwanza mkutanoni liwe nani anafadhili. Leseni, risiti, kitambulisho cha mjasiriamali, daftari la mauzo lenye tarehe, vyote viwekwe pamoja. Daftari liwe na tarehe, siyo lililoandikwa jana usiku kwa kalamu moja.

#29 Jangwani_Mkongwe

Natokea upande wa Dar. Angalieni mradi wa bonde la Msimbazi, ndio shule yenu. Walioupanga hawakuanza na taa. Wameanza na kuhamisha watu bondeni, kuinua daraja la Jangwani, kupanua mkondo, na bustani kubwa inayokubali kufunikwa na maji. Bustani pale ni bakuli la mafuriko lenye nyasi. Na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyowekwa bondeni Jangwani iliogelea mara ngapi? Ndiyo hasara ya kujenga kwanza, kuuliza maji baadaye.

#30 Mwana_Mirongo

Hiyo ya bakuli naipenda, ila Msimbazi una bonde pana. Mirongo umebanwa nyumba kwa nyumba, mlima na barabara. Bakuli utaliweka wapi?

#31 Kapripointi_Juu

Mnapenda mifano, chukueni wa Seoul. Cheonggyecheon, kilometa 5.8, ulifunguliwa 2005 baada ya kubomoa barabara ya juu iliyoufunika. Unapendeza sana. Lakini maji yale mengi yanasukumwa kwa pampu kutoka mto mkubwa wa Han, kama kyubiki 120,000 kwa siku. Chanzo chetu cha maji ya bomba cha Capripoint kinazalisha lita milioni 90 kwa siku, sawa na kyubiki 90,000. Yaani kijito cha matembezi cha Seoul kinakunywa kuliko mtambo wote wa Capripoint.

Kwa hiyo anayechora Mirongo wenye maji ya bluu mwezi Agosti atuambie pampu iko wapi na LUKU nani ananunua.

#32 sato_wa_kukaanga

Tokeni zikiisha mto unakatika saa mbili usiku.

#33 Majitaka_Fundi

Kiangazi mto haukauki kabisa, na msifurahi. Unaopita ni maji ya kufulia, ya mabafu na ya vyoo. Milimani huwezi kuchimba choo cha shimo, mita moja tu umegonga jabali. Shimo fupi linajaa haraka, gari la kunyonya halipandi ngazi za mawe. Mvua ikianza, tundu linafunguliwa: kutapisha choo. Ukiweka viti vya mapumziko kando ya mto huo, nani atakaa?

Dawa ipo na mji umeshaionja: mabomba rahisi ya majitaka yanayopita vichochoroni milimani. Bomba la milimita 110, linazikwa kina kifupi, mteremko usipungue sentimita 1 kwa mita, chemba ndogo kila kona, mwisho wa safari ni mabwawa ya majitaka ya Butuja. Kinachoyaua ni mchanga wa kusugulia sufuria, mafuta na matambara. Kila nyumba iwe na kichujio jikoni na mtego wa mafuta. Na usiingize maji ya paa humo. Mvua moja tu, mifuniko inaruka.

#34 Bibi_Mchicha

Na mchicha unaomwagiliwa na maji hayo mnaununua asubuhi sokoni, mnasema mtamu.

#35 Pamba_Damu

Bibi tumekusikia, tumeacha mboga. Tubaki na timu yetu ya Pamba Jiji.

#36 sato_wa_kukaanga

Hiyo nayo inafurika magoli kila msimu. Rudini kwenye mada.

#37 Korongo_la_Juu

Nirudishe. Nakubaliana na #1 kuhusu mchanga, ila dawa yake haipo mtoni, ipo kwenye makorongo. Vizuizi vya mawe: kimo sentimita 80, katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo yasizunguke na kula kingo. Umbali kati ya kimoja na kingine unaupata kwa kugawa kimo kwa mteremko. Korongo la asilimia 10, gawa 0.8 kwa 0.1, ni mita 8. Kigezo cha macho: mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa wa kichwa cha kile cha chini. Mbele ya kila kimoja tandaza mawe ya kupokea maji yanayodondoka, vinginevyo yatachimba shimo na kizuizi kitaanguka mbele.

Pembeni panda nyasi za vetiva, miche kila sentimita 10 hadi 15, mstari ukifuata kontua, yaani usawa mmoja wa mlima. Mizizi yake inashuka chini kuliko nyasi yoyote ya kawaida. Wiki za kwanza mbuzi wasiione.

#38 Mhandisi_Mitaro

Safi, lakini vizuizi vinajaa. Baada ya msimu mmoja au miwili mchanga unafika kichwani. Hapo unaviinua au unavisafisha, na njia za juu ni za ngazi, hakuna tipa. Nani anabeba?

#39 Korongo_la_Juu

Kikijaa si hasara. Mteremko umeshapungua, korongo limekuwa ngazi.

#40 Tenki_la_Paa

Mnasumbukia mawe. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, linatoa lita 5,000. Tenki moja. Nyumba 1,000 zikiwa na tenki, umeondoa kyubiki 5,000 kwenye mto. Weka sharti kwenye kibali cha ujenzi, umemaliza.

#41 Mzee_Kijiko

Umemaliza siku ya kwanza. Siku ya pili mvua inakuta tenki limejaa. Masika mvua huja mfululizo, na mtu hamwagi maji ya bure kupisha mvua ya kesho.

#42 Tenki_la_Paa

Mzee, unatoboa tundu dogo katikati ya kimo. Nusu ya chini ni ya kutumia, nusu ya juu inavuja polepole kwa saa kadhaa hadi iwe tupu. Mvua inayofuata inakuta nafasi.

#43 Mzee_Kijiko

Na mama mwenye nyumba anakuja na kipande cha sabuni anaziba.

#44 Kirumba_Mwaloni

😂 Kwa mgao wa maji huu, hata mimi ningeziba.

#45 Saanane_Upande

Mdomoni nako msisahau matete na mafunjo. Yale yanachuja matope, na sato anazalia maji mafupi ya kando. Ukiweka ukuta wima hadi ziwani umefuta kitalu cha samaki. Pale uwe mteremko wa mawe na majani.

#46 Kapripointi_Juu

Na majani yakiwepo, gugumaji nalo linapata pa kujishikiza, mdomo unaziba. Chagua unachotaka.

#47 Mwana_Mirongo

Naona hatukubaliani: mhandisi anasema madaraja, mzee mchanga, bibi mabomba na godoro, Saanane ziwa. Pendekezo: kila mwenye daraja karibu achore mistari ukutani mwa kalavati, kila sentimita 20 kuanzia sakafu ya zege iliyojengwa. Mvua ikinyesha piga picha, andika saa, na andika kama tundu limezibwa au liko wazi. Maji yakipanda huku mdomo wa kalavati ukiwa wazi na ziwa liko chini, bibi na Saanane watanunua soda. Tukikusanya masika moja tutakuwa na kitu cha kupeleka kwenye mkutano.

#48 Mpimaji_Huru

Sawa, lakini sakafu ya zege imefukiwa, utaijuaje? Chomeka nondo ya milimita 12 hadi igonge zege, sehemu tatu, kushoto, kati na kulia. Inaweza kugonga jiwe ikakudanganya. Zikipishana sana, rudia.

#49 Jabali_la_Igogo

Rangi gani? Ya mafuta ya kawaida haitamaliza mwezi pale.

#50 Gabioni_na_Mawe

Kwanza kwangua ukungu wa kijani kwa brashi ya waya, osha, acha pakauke siku mbili za jua. Paka rangi ya barabarani, ile ya kuchorea vivuko, mikono miwili. Au achana na rangi, chimba mistari kwa tindo, kina cha nusu sentimita tu, usifike kwenye nondo.

#51 Mzee_Kijiko

Tindo. Rangi wataibandua wanaokaa kuvua pale.